Kukombolewa na Kujikomboa: Vitabu vya Fikra za Ukombozi wa Mtu Mweusi katika Rafu ya Unguja

1.0 Utangulizi

Katika vyumba vya semina vya idara za Kiswahili kuna ombi ambalo hurudi mwaka baada ya mwaka. Mwanafunzi wa uzamili, aghalabu aliyekwisha kusoma riwaya za Zanzibar na sasa anatafuta nadharia ya kuzichambulia, humwomba mwalimu wake orodha ya vitabu vitakavyomfundisha fikra za ukombozi wa mtu mweusi na nafasi ya elimu katika ukombozi huo. Orodha anayopewa haibadiliki sana. Huanza na W. E. B. Du Bois na kitabu chake The Souls of Black Folk (1903), ikapita kwa Carter G. Woodson na The Mis-Education of the Negro (1933), ikafika kwa Frantz Fanon, Paulo Freire na Walter Rodney. Katika miongo ya karibuni huongezwa pia bell hooks na Teaching to Transgress (1994).

Orodha hiyo ni njema, na hakuna msomi wa fasihi ya Kiswahili anayeweza kujivunia kwamba hakuisoma. Hata hivyo, ikitolewa peke yake inamfanya msomaji wa Unguja aonekane kama mgeni mwalikwa. Humpa picha kwamba fikra za ukombozi zilibuniwa Atlanta, Algiers na Recife, kisha zikaletwa kisiwani kwa meli, zikiwa zimefungwa katika majalada ya Kiingereza. Msomaji hubaki na kazi moja tu, yaani kupokea.

Makala haya yanadai kwamba Unguja ina rafu yake yenyewe ya vitabu vya ukombozi, na kwamba rafu hiyo ina mafunzo ambayo orodha ya kawaida haiwezi kuyatoa. Ili kuisoma rafu hiyo, inafaa kuanza na jambo ambalo wanaisimu hulifundisha kila siku bila ya kulitilia maanani kisiasa, nalo ni kauli ya kitenzi. Swali la msingi litakaloulizwa juu ya kila kitabu ni hili: je, mtumwa, mkoloniwa au mwanafunzi aliyemo ndani yake anakombolewa, au anajikomboa? Na nani aliyeachiwa kusema hivyo kwa Kiswahili?

2.0 Maneno yaliyotangulia vitabu

Mtu akitoka Mkunazini, penye kanisa la Kianglikana lililojengwa juu ya kiwanja cha soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, akafuata vichochoro vya Mji Mkongwe kuelekea baharini, hufika Shangani baada ya muda mfupi, penye nyumba inayojulikana kuwa ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Mahali walipouzwa watu, na nyumba ya mmoja wa waliotajirika kwa biashara ya pembe na watu, vimetenganishwa na mwendo mfupi wa miguu. Maneno mawili makuu ya siasa ya karne ya 20 katika Afrika Mashariki, yaani uhuru na ukombozi, yalikuwa yakitumika katika mitaa hiyo muda mrefu kabla hayajaandikwa katika ilani ya chama chochote.

Neno huru, lenye asili ya Kiarabu, lilimtaja mtu asiyekuwa mtumwa au aliyeachwa na bwana wake. Uhuru basi ulikuwa hali ya mtu mmoja mmoja, iliyothibitishwa kwa hati. Kitenzi komboa nacho kilikuwa na maana mahususi ya kibiashara. Kitu kilichowekwa rehani hukombolewa; mateka hukombolewa kwa fidia; mtumwa hukombolewa kwa kulipiwa thamani yake. Tendo hilo linahitaji watu watatu: anayeshikilia, anayelipa, na anayelipiwa. Huyo wa tatu, ambaye ndiye hasa mwenye shida, hana tendo lolote analolifanya. Kisarufi yeye ni mtendwa, na hata akipandishwa cheo akawa kiima cha sentensi, hupandishwa kwa kauli ya kutendwa: amekombolewa.

Sheria za wakati ule zilifuata mantiki ileile. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya Aprili 1897 iliondoa hadhi ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba, lakini mtumwa aliyetaka uhuru ilimbidi aende mwenyewe mbele ya mahakama kuuomba, na aliyestahiki kulipwa fidia alikuwa bwana wake. Masuria hawakuingizwa katika amri hiyo. Wao walingoja hadi mwaka 1909. Kwa mintarafu hiyo, mkombolewa aliingia katika karne mpya akiwa mtu aliyepewa kitu, na mtu aliyepewa kitu hutarajiwa kushukuru. Shukrani hiyo ndiyo mada ya siri ya vitabu vya mwanzo katika rafu ya Unguja.

3.0 Vitabu vya wakombolewa

Kusini ya mji, mahali paitwapo Kiungani, misheni ya Kianglikana ya UMCA ilikuwa na shule iliyosomesha, miongoni mwa wengine, vijana waliochukuliwa kutoka katika majahazi ya watumwa. Mwaka 1887 kilitolewa Uingereza kitabu kiitwacho Kiungani. Or, Story and History from Central Africa, ambacho ni mkusanyiko wa visa vilivyoandikwa na wavulana wa shule za misheni hiyo. Wanaeleza kwao walikotoka, walivyotekwa, walivyouzwa kutoka mkono hadi mkono, na walivyofika pwani. Mhariri na mfasiri alikuwa A. C. Madan, yuleyule aliyetoa baadaye kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894 na ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903.

Hapana budi kulitazama jambo hili kwa utulivu. Hawa walikuwa watoto weusi waliopitia utumwa, wakajifunza kuandika, na baadhi ya mambo ya mwanzo waliyoyaandika yakawa ushuhuda wa utumwa wenyewe. Katika historia ya Marekani maandiko ya aina hii yanahesabiwa kuwa msingi wa fasihi nzima ya watu weusi. Frederick Douglass alitoa simulizi ya maisha yake mwaka 1845, na hakuna orodha ya vitabu vya ukombozi isiyomkumbuka. Vijana wa Kiungani hawakumbukwi katika orodha hizo, wala hawakumbukwi sana katika historia ya fasihi ya Kiswahili, na sababu moja ni ya wazi: kitabu chao kilimfikia msomaji kwa Kiingereza. Kiswahili chao hakikuchapishwa humo. Lugha iliyopokea maneno yao katika kamusi haikupokea visa vyao katika vitabu.

Linganisha na Tippu Tip. Yeye aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, na Heinrich Brode akazichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilizichapisha tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley, na tangu hapo kila mwanafunzi wa nathari ya Kiswahili amezipitia. Ni maandishi yenye thamani kubwa kwa isimu na kwa historia, na haifai kuyabeza. Lakini matokeo yake ni haya: mfanyabiashara anasikika hadi leo kwa Kiswahili chake mwenyewe, na waliosafirishwa katika misafara ya wafanyabiashara wa aina yake wanasikika kwa Kiingereza cha mtu mwingine. Umbali mfupi wa Mkunazini na Shangani, ukipimwa katika rafu ya vitabu, ni mrefu sana.

Pengo hilo lilianza kuzibwa mwaka 1934, pale James Juma Mbotela alipotoa kitabu chake Uhuru wa Watumwa. Mbotela alikuwa mtu wa Freretown, karibu na Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na wamisheni katika miaka ya 1870 kwa ajili ya waliookolewa baharini, na aliyoyaandika ni kumbukumbu za wazee wa ukoo na kijiji chake. Hapa, hatimaye, mzao wa watumwa anasema kwa Kiswahili na kitabu kinasomwa shuleni. Ila msomaji makini huona kwamba neno uhuru katika anwani bado lina maana ya kale ya kuachwa huru. Mateso yanaelezwa kwa ukamilifu, na mwishoni anatokea mkombozi Mwingereza na manowari yake. Kitabu kilichapishwa katika ukoloni, na ndani yake ukoloni ni jibu la utumwa. Haitoshi kumlaumu Mbotela kwa jambo hilo. Alikuwa akilipa deni la shukrani ambalo mantiki ya kitenzi komboa humdai kila anayekombolewa.

Mkondo wa elimu nao ulikwenda vivyo hivyo. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki, James Aggrey wa Gold Coast akiwa miongoni mwa wajumbe wake, ikihimiza elimu ya kazi za mikono kwa mfano wa shule za watu weusi wa kusini ya Marekani, Tuskegee ikiwa mbele. Katika miaka ya 1930 kisa cha maisha ya Booker T. Washington, mwasisi wa Tuskegee, kilitolewa kwa Kiswahili. Hivyo basi, mwanafikra wa kwanza wa elimu ya watu weusi wa Marekani kusomwa sana kwa Kiswahili alikuwa yule ambaye watawala hawakumwogopa. Du Bois, aliyekuwa amekwisha kumpinga Washington tangu mwaka 1903, hakupewa nafasi hiyo. Kuchagua kitabu cha kufasiri ni kuchagua mjadala upi usikike, na msomaji wa Afrika Mashariki alisikilizishwa upande mmoja wa ugomvi ambao hakujua kwamba upo.

4.0 Mtumwa aliyegeuka Siti

Kuna kitabu kingine ambacho hakijazoeleka kuwekwa katika orodha za ukombozi, nacho ni Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1958. Siti alizaliwa Fumba, kusini ya Unguja, karibu mwaka 1880, katika jamaa iliyotokana na utumwa, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Hakusomeshwa. Aliuza vyungu, akahamia mjini, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri zilizouzwa pwani nzima. Alifariki mwaka 1950. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata kwa kazi yake.

Kwa mtazamo wa makala haya, hiki ni kitabu cha kwanza katika rafu ya Unguja ambamo kiambishi -ji- kinafanya kazi kwa uzito wake wote. Kiambishi hicho hukaa katika nafasi ya mtendwa, mbele ya mzizi wa kitenzi, na kuwarejesha mtenda na mtendwa katika nafsi moja. Siti hakukombolewa na manowari wala na hati. Alijifunza, akajipatia jina, akajijengea hadhi, na nyimbo zake zikawa mahali ambapo wanyonge wa Ng'ambo walisikia mambo yao yakizungumzwa. Shaaban Robert, ambaye hakuwa Mzanzibari, aliona katika maisha hayo kielelezo cha maadili ya bidii na heshima. Msomaji wa leo anaruhusiwa kuona pia jambo jingine, kwamba mtu aliyeitwa Mtumwa alibadilisha jina lake bila ya kumwomba mtu ruhusa.

5.0 Kujitegemea, kujifunza, kujikomboa

Baada ya uhuru wa nchi za Afrika Mashariki, -ji- ilitoka katika maisha ya mtu mmoja ikaingia katika sera. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Julius Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Ni mojawapo ya maandishi machache ya falsafa ya elimu kutoka Afrika yaliyosomwa duniani kote, na anwani yake ya Kiswahili ina nguvu ambayo tafsiri haiibebi kwa urahisi. Kutegemea ni kumwegemea mwingine. Kujitegemea ni kuegemea pale ulipo, mtu akiwa mzigo na nguzo kwa wakati mmoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Paulo Freire alifika Tanzania na kuzungumza na watu wa elimu ya watu wazima. Kitabu chake maarufu, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1970, kinapinga elimu inayomfanya mwanafunzi kuwa chombo cha kutiliwa maarifa kama fedha zinavyowekwa benki. Kwa msemaji wa Kiswahili hoja hiyo inagusa jambo ambalo tayari limo kinywani mwake. Mwalimu hufunza au hufundisha. Mwanafunzi, katika matumizi ya kawaida kabisa, hujifunza. Kitenzi cha kupata maarifa kinamtaka mtenda na mtendwa wawe mtu mmoja. Ipo pia methali kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nayo imo katika kauli ya kutendwa na watenda wake wametajwa wazi. Lugha basi inazijua njia zote mbili.

Ni muhimu kutotia chumvi hapa. Kuwa na kitenzi jifunza hakujamzuia mwalimu yeyote wa Unguja kumkaririsha mwanafunzi wake, wala hakujamkinga mwanafunzi na bakora. Sarufi haiongozi jamii kwa kamba. Inachofanya ni kuacha mlango wazi, na ni juu ya wasomi kuuingia. Mwanafunzi anayesoma Freire kwa Kiingereza, bila ya kuambiwa kwamba kitenzi chake cha kila siku kina hoja ileile, ameingizwa kwa dirisha katika nyumba yenye mlango.

Wakati huohuo Dar es Salaam ilikuwa imekuwa mji wa vitabu vya ukombozi. Mwaka 1972 Tanzania Publishing House, kwa ushirikiano na Bogle-L'Ouverture ya London, ilitoa How Europe Underdeveloped Africa cha Walter Rodney, Mguyana aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tamati ya kitabu hicho iliandikwa na Mzanzibari, Abdulrahman Mohamed Babu, mwanzilishi wa chama cha Umma, ambaye Desemba 1964 alikuwa amesimama jukwaani Harlem kwa mwaliko wa Malcolm X. Kabla mwaka huo wa 1972 haujaisha Babu alikuwa kizuizini, kufuatia kuuawa kwa Rais Karume tarehe 7 Aprili, na hakutoka hadi mwaka 1978. Kitabu kilichowafundisha vijana wa bara zima maana ya kudidimizwa kilizunguka duniani ilhali mwandishi wa tamati yake amefungiwa.

Mwaka 1978 una umuhimu mwingine. Katika mwaka huo nyumba hiyohiyo ya Dar es Salaam ilitoa Viumbe Waliolaaniwa, tafsiri ya Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga ya kitabu cha Fanon cha mwaka 1961, na pia Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya Mzanzibari Adam Shafi Adam. Inafaa vitabu hivi viwili visomwe pamoja.

Anwani ya tafsiri ya Fanon inastahili kutazamwa kisarufi. Kifaransa kinasema juu ya waliolaaniwa wa dunia hii. Katika Kiswahili ardhi imeondoka, na mahali pake wamekuja viumbe, neno ambalo haliwezi kutajwa bila ya Muumba kuwa nyuma yake. Laaniwa ni kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda. Katika mazungumzo ya Unguja, laana aghalabu hutoka kwa Mungu au kwa mzazi, huhisiwa kuwa ina sababu katika kosa la mlaaniwa, na huondolewa kwa kutafuta radhi za aliyelaani. Msomaji wa Mji Mkongwe anayeiona anwani hiyo kwa mara ya kwanza anaweza basi kuinua macho juu kumtafuta aliyelaani, hali Fanon anamwelekeza kwenye jumba la gavana. Hili si kosa la wafasiri. Wamechagua neno lenye uzito unaolingana na wa asili, na ndani ya kitabu hoja inajieleza. Ni kumbusho tu kwamba fikra inapohamia lugha nyingine hukuta nyumba yenye wenyewe.

Riwaya ya Adam Shafi inafanya kazi ya Fanon kwa vitu vya Unguja: shamba la karafuu, kasri, bwana na watumishi wake. Mhusika asiyesahaulika ni Kijakazi, mtumishi mzee anayemtumikia bwana wake kwa mapenzi ya kweli na kuona kwamba ndivyo dunia ilivyo. Jina lake ni hadhi yake. Kile ambacho Fanon anakieleza kwa istilahi za tiba ya akili, yaani jinsi aliyekandamizwa anavyoubeba ukandamizaji ndani yake, msomaji wa Kiswahili anakiona katika mikono na kauli za bibi mmoja. Mwaka uliofuata Adam Shafi alitoa Kuli, ambayo msingi wake ni mgomo wa wapagazi wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948, na humo kujifunza ndiko kunakotangulia kugoma: mpagazi hawezi kudai haki yake kabla ya kuielewa.

6.0 Nani aliyemo katika -ji-?

Hapa ndipo rafu ya Unguja inapodai ujasiri zaidi, na ndipo orodha za kawaida hunyamaza. Kiambishi -ji- kina sifa moja ambayo wanaisimu wanaijua vyema: hakibadiliki kwa nafsi wala kwa idadi. Nimejikomboa, amejikomboa, wamejikomboa. -Ji- ni ileile. Katika wingi, hakisemi kama kila mmoja alijitendea peke yake, au wote walitenda kwa niaba ya wote, au baadhi walitenda na wengine wakahesabiwa. Mipaka ya kundi haimo katika kitenzi. Huamuliwa nje ya sentensi, na wakati mwingine huamuliwa kwa panga.

Katika miaka ya 1957 hadi 1963, ambayo Wazanzibari wengi wanaiita zama za siasa, maneno mtumwa, mgeni, mwenyeji na muungwana yaligeuzwa silaha katika magazeti na mikutano ya hadhara. Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 2011, War of Words, War of Stones, anaonyesha kwamba fikra za kikabila za wakati ule hazikuwa zao la wakoloni peke yao. Wasomi na waandishi wa pande zote visiwani walizitengeneza, na historia ya utumwa ilikuwa moja ya malighafi zao. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiondoa serikali iliyokuwa na umri wa mwezi mmoja tu tangu uhuru wa Desemba 1963. Kwa wengi wa waliokuwa chini, siku hiyo ndiyo kitenzi jikomboa kilipopata maana. Siku na wiki zilizofuata watu wengi waliuawa, idadi yao ikiwa bado haijaafikiwa na wanahistoria, na wengi wa waliouawa walikuwa wazaliwa wa kisiwa hichohicho.

Msomaji wa Unguja, kwa hiyo, hazisomi kurasa za Fanon juu ya nguvu na mapambano kama anavyozisoma mwanafunzi wa Paris au wa California. Wala hausomi mstari wa rangi wa Du Bois kama ulivyochorwa Georgia. Yeye amekulia mahali ambapo Mhadimu, Mtumbatu, Mshirazi, Mngazija, Mmanyema na Mwarabu wameoana, wameazimana majina na kugombania asili, na ambapo weusi wa ngozi pekee hautoshi kumjulisha mtu yuko upande gani. Kwake yeye swali la ukombozi linakuja likiwa na swali la pili mgongoni: tunapojikomboa, nani tunamwacha nje ya sisi?

Fasihi na kumbukumbu zimeanza kulijibu. Adam Shafi alirudi katika mada ya vizuizi vya baada ya 1972 kwa riwaya ya Haini (2003), na mwaka 2013 akatoa tawasifu yake, Mbali na Nyumbani. Harith Ghassany alitoa Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru! mwaka 2010, kitabu chenye mabishano mengi lakini kilichoandikwa kwa Kiswahili kwa wasomaji wa Kiswahili. Kumbukumbu za Ali Sultan Issa na Seif Sharif Hamad, wanasiasa wawili wa mitazamo tofauti, zilitoka pamoja mwaka 2009 chini ya uhariri wa G. Thomas Burgess, nazo zilitoka kwa Kiingereza. Miaka 122 baada ya Kiungani, Mzanzibari bado anasimulia na Kiingereza kinachapa.

7.0 Bustani ya Mzee Hamdani

Mwaka 2022 ulileta tukio la kinyume. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise ya mwaka 1994, ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mchapishaji akiwa Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, ameandika riwaya zake zote kwa Kiingereza. Safari hii kitabu kilikuwa kinarudi nyumbani.

Yusuf, mhusika mkuu, ni mtoto aliyetolewa na baba yake kwa tajiri kwa ajili ya deni. Yeye ni rehani, na kwa maana ya kale ya neno, angehitaji mtu wa kumkomboa. Katika bustani ya tajiri huyo kuna mtunza bustani mzee, Mzee Hamdani, ambaye ni mtumwa na asiyesema sana. Alipotaka kupewa uhuru kama zawadi aliukataa, kwa kuwa haukuwa mali ya aliyetaka kuutoa. Huyu si Kijakazi aliyelewa utii. Mzee Hamdani ameliona kosa lililomo ndani ya kitenzi chenyewe. Anayekubali kukombolewa kwa hisani amekubali kwamba kweli alikuwa mali.

Ndipo rafu ya Unguja inapofunga duara lake. Vijana wa Kiungani walishuhudia, Mbotela alishukuru, Siti alijifunza, Adam Shafi aliasi, na mtunza bustani wa Gurnah alirudisha zawadi kwa mwenyewe. Kila hatua ni hoja, na hoja zote zinasomeka kwa lugha ambayo tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 lahaja ya mji huu imekuwa msingi wa usanifu wake. Zote, isipokuwa ile ya kwanza.

8.0 Hitimisho

Mwanafunzi anayeomba orodha apewe orodha. Asome Du Bois na Woodson, asome Rodney, asome historia ya uchumi wa watumwa na karafuu iliyoandikwa na Abdul Sheriff mwaka 1987. Lakini asianze huko. Aanze na Uhuru wa Watumwa na kuuliza kwa nini mkombozi ana manowari. Aende kwenye Wasifu wa Siti binti Saad. Asome Viumbe Waliolaaniwa na Kasri ya Mwinyi Fuad kama vitabu pacha. Kisha afungue Peponi. Akifika kwa Freire baada ya hapo, atafika akiwa na la kumjibu.

Kazi moja inazisubiri idara za Kiswahili, na haihitaji nadharia mpya. Visa vya wavulana wa Kiungani havijapata nafasi yake katika mitaala ya lugha ambayo walijifunzia kuandika. Kuvirejesha katika Kiswahili, kwa uhariri wa kitaalamu na ulinganisho na Kiswahili cha zama zao, ni mradi unaoweza kubebwa na tasnifu moja ya uzamivu au mbili. Mfasiri atakayeifanya atakutana na ugumu wa kweli tangu sentensi za mwanzo, kwa kuwa atalazimika kuamua, kwa kila kijana, pale Kiingereza kinaposema kwamba aliwekwa huru, aandike kauli ipi.

Uamuzi huo hautakuwa wa sarufi peke yake. Vijana hao walichukuliwa baharini bila ya kuulizwa, kwanza na waliowauza na kisha na waliowaokoa, na hadi walipoketi na kalamu kila kitenzi kilichowahusu kilikuwa cha kutendwa. Kuandika ndilo lililokuwa tendo lao wenyewe. Ikiwa rafu ya Unguja ina kitabu cha kwanza cha kujikomboa, basi kiliandikwa Kiungani, na bado kinangoja kusomwa kwa Kiswahili.